Volti Kumi na Nne Hadi Kisumu

Tarehe 12 Aprili 2013, siku ya Ijumaa, Seline Achola alifaulu mtihani wa serikali wa ufundi wa umeme wa magari, daraja la pili. Katika orodha iliyobandikwa siku hiyo jina lake lilikuwa la kumi na saba kati ya majina ishirini na mawili, na hakukuwa na jina lingine la mwanamke.

Cheti kiko hadi leo katika kibanda chake Nyamasaria, kando ya barabara kuu ya Nairobi, kimetundikwa kwenye msumari juu ya meza ya kuchajia betri. Mvuke wa asidi umekikunja pembe moja. Chini yake hukaa kiti cha plastiki cha bluu alichokinunua mwaka aliofungua kibanda, na majirani husema kiti hicho bado ni kipya kwa sababu mwenyewe hajawahi kukikalia. Seline hakai. Akila, anakula amesimama, kijiko mkono mmoja na bisibisi mkono wa pili. Akingoja betri ijae, anakizunguka kibanda. Dalmas, anayeuza matairi ya mitumba katika kibanda cha pili, humwita Nyar Port, binti wa Port, kwa kuwa alizaliwa Port Victoria, na humtania kwamba siku atakayoketi ndiyo siku ya kumwita kasisi.

Jumatano ya wiki hii, mwezi wa Mei, saa moja na nusu asubuhi, alikuwa amesimama hivyo hivyo, kikombe cha chai mkononi, alipoiona Probox nyeupe ikija polepole kutoka upande wa Ahero. Ilikuwa inavutwa kwa kamba na trekta ya kubeba mpunga. Aliitambua kabla hajasoma namba. Wiki tatu nyuma ilikuwa imesimama pale pale, naye akaitengeneza, na ikaondoka watu wakimpigia makofi.

Alikiweka kikombe juu ya betri iliyokuwa karibu.

Sheryl Oyugi, mwenye gari, alishuka bila kufunga mlango. Ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, ana duka la dawa za mifugo huko Pap Onditi, na kwa kawaida ni mtu wa kuuliza habari za nyumbani kwanza. Siku hiyo hakuuliza.

"Fundi, uliniambia imepona."

"Ilipona."

"Basi imekufa tena. Imekufa jana, hapo darajani Ahero, mvua inanyesha, na baba yangu yuko ndani."

Seline alielewa uzito wa maneno hayo. Mzee Oyugi, baba yake Sheryl, alikuwa afisa wa kilimo kabla ya kustaafu. Figo zake zimekataa kazi. Kila Jumanne na kila Ijumaa, saa moja asubuhi, sharti awe hospitalini Kisumu, asafishwe damu kwa mashine kwa muda wa saa nne. Mgongo wake hauvumilii kukaa kitini kwa safari ndefu, kwa hiyo Sheryl alivilaza viti vya nyuma vya Probox akatandika godoro. Teksi alikuwa amezijaribu. Dereva mmoja alilitazama godoro, akamtazama mzee, kisha akasema waziwazi kwamba gari ambalo mtu amefia ndani, abiria hulikimbia.

"Tulikaa pale saa tatu nzima mpaka mtu akatuwashia gari kwa waya za jampa," Sheryl alisema. "Tukafika saa nne. Mashine yake wamempa mwingine. Akapata saa mbili tu. Wakati wa kurudi gari likazima tena pale pale, na baba yangu akamalizia safari nyuma ya pikapu ya ng'ombe. Sasa miguu imevimba, ukibonyeza kidole, shimo linabaki. Nesi ameniambia, Mama, Ijumaa msikose. Alisema mara mbili."

"Leo ni Jumatano."

"Najua leo ni siku gani, fundi. Kama ningekuwa na siku, ningeenda kwa mtu mwingine."

Seline alikuwa ameshafungua boneti.

Aliunganisha waya za jampa kutoka betri yake ya kazi, injini ikashika mara ya kwanza. Akaweka ncha mbili za mita ya volti juu ya betri ya Probox. Namba ilicheza, ikatulia: kumi na nne nukta mbili. Ndiyo namba ambayo fundi yeyote wa umeme angependa kuiona. Betri peke yake hukaa kwenye kumi na mbili na kitu. Alteneta, mashine inayozungushwa na injini kuzalisha umeme, ikifanya kazi, inaisukuma hadi kumi na nne. Gari lililokuwa limekufa jana darajani lilikuwa linachaji vizuri kabisa.

Dalmas alikuwa ameshafika, kama anavyofika kila mahali panapofunguliwa boneti. "Si hiyo inachaji! Sasa hii ni nini? Hii ni nyawawa," alisema, akimaanisha yale mapepo ya ziwani ambayo watu huyafukuza usiku kwa kugonga mabati. "Leteni bati tuipigie, irudi ziwani."

"Dalmas, nenda kauze tairi," Seline alisema.

"Tairi inauzwa yenyewe, Nyar Port. Mimi nataka kuona hii."

Aliupima waya wa athi, ule mnene unaofunga betri na bodi ya gari. Ulikuwa mzima. Aliujua kuwa mzima kwa sababu aliuweka yeye mwenyewe. Aliugusa tena hata hivyo, akaukaza, akaulegeza, akaukaza tena. Mikono yake ilikuwa inatafuta kitu cha kufanya huku kichwa kikikataa kwenda mahali kilipokuwa kinaitwa.

Wiki tatu nyuma kazi ilikuwa rahisi. Sheryl, katika zile saa nne za kumngoja baba yake, alikuwa na mazoea ya kulipeleka gari ziwani. Huko vijana huyaingiza magari majini mpaka nusu ya gurudumu na kuyasugua yang'ae. Hakulihitaji gari safi kiasi hicho. Alihitaji mahali pa kuwa. Mwaka mzima wa maji na matope ulikuwa umeula waya wa athi ukabaki ganda la kijani. Seline aliugundua kwa dakika kumi, akaukata, akaweka mpya, akatangaza kwamba kazi imekwisha.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu kazi ilikwisha upesi mno. Watu kama saba walikuwa wamesimama. Sheryl alitazama kipande cha waya mchafu kilicholala chini, akauliza, "Waya tu?" Na Dalmas akapaza sauti, "Toa tamino tuone!"

Kando ya barabara ile, na katika kila kituo cha magari kutoka Ahero mpaka Bondo, huo ndio ushahidi. Mita ni ya fundi. Mwenye gari haoni ndani yake. Lakini injini ikiwa inanguruma, fundi akalegeza tamino, kile kibanio cha waya kwenye kichwa cha betri, akakiinua juu watu wote wakione, na injini isizime, basi hata mtoto anajua kwamba alteneta inazalisha umeme wake. Fundi asiyetoa tamino anaonekana anaficha kitu. Seline alikuwa na miaka mingi ya kukataa, akieleza, akionyesha namba kwenye mita. Siku ile watu saba walikuwa wanamtazama, mmoja wao akacheka, akasema mwanamke anaogopa kupigwa shoti.

Alikilegeza kibanio. Akakiinua.

Injini haikuzima. Watu wakapiga makofi. Na taa za mbele, ambazo alikuwa ameziacha zikiwaka, zilitoa mwanga mkali mweupe, nusu sekunde, kisha zikarudi kawaida. Hakuna aliyeuona mwanga ule isipokuwa yeye. Alirudisha kibanio, akafuta mikono, na tangu saa ile kuna kitu kilikuwa kinamkwaruza ndani ambacho hakutaka kukipa jina.

Sasa gari lilikuwa limerudi.

"Ingia," alimwambia Sheryl. "Tunaenda Ahero."

"Nimetoka Ahero."

"Ukivutwa. Sasa tunaenda na injini. Nataka kuiona ikikataa."

Kauli hiyo si yake; ni ya Gurbachan. Seline alikuja Kisumu mwaka 2005 akiwa na miaka kumi na tisa, akapata kazi ya kufagia na kupika chai katika karakana ya Mzee Gurbachan, Singasinga aliyekuwa akisuka upya mota na alteneta katika mtaa wa viwanda. Kufagia kulimshinda kwa sababu alikuwa anamaliza upesi, kisha anazungukazunguka kati ya mafundi akigusa vitu. Mwezi wake wa pili mzee alichoka kumwona akipita, akamsimamisha mbele ya meza na kumpa rundo la waya wa shaba: haya, zungusha huu badala ya kuzunguka wewe. Vidole vyake vilikuwa vyembamba na havikuchoka. Alikaa kwake miaka minane, na siku aliyofaulu mtihani mzee mwenyewe ndiye aliyempeleka kuangalia orodha. Katika karakana ile kulikuwa na sheria moja juu ya nyingine zote: usibadilishe kitu ambacho hujakiona kwa macho yako kikikataa kazi.

Seline aliendesha. Sheryl alikaa kando yake akishikilia mita mapajani, waya zake zikiwa zimepitishwa dirishani hadi kwenye betri, naye akasoma namba kama mtu anayesoma mahubiri asiyoyaamini.

"Kumi na nne nukta mbili."

"Washa taa. Washa feni. Washa waipa."

"Mvua hakuna."

"Washa tu, Mama."

Waipa zilikwaruza kioo kikavu. Watu wa Nyamasaria walilitazama gari lililowasha taa na waipa kwenye jua la saa tatu.

"Kumi na nne nukta moja. Kumi na nne nukta moja. Bado kumi na nne nukta moja." Walipita Rabuor. "Fundi, hii ndiyo kazi, kukaa kitako nikisoma namba?"

"Endelea kusoma."

"Kumi na tatu nukta tisa."

Kidole cha Seline kilianza kugonga usukani.

"Kumi na tatu nukta tano. Ni mbaya?"

"Soma."

"Kumi na mbili nukta nane. Kumi na mbili nukta sita. Fundi. Fundi, inashuka. Inashuka yenyewe!"

Aliegesha kando, karibu na mashamba ya mpunga, bila kuzima injini. Kumi na mbili nukta tatu. Alteneta ilikuwa inazunguka lakini haikuwa inatoa chochote. Gari lilikuwa linaila betri yake lenyewe. Walingoja boneti ikiwa wazi, upepo ukipita. Baada ya dakika hamsini injini ilipopoa, aliiwasha tena. Kumi na nne nukta mbili.

"Ikiwa baridi inachaji," alisema. "Ikipata moto, inaacha. Kutoka kwenu hadi hapa tayari imepata moto."

"Na mbona gari haliniambii? Si kuna taa ya betri hapo mbele?"

Seline alizima injini, akafungua swichi bila kuiwasha tena injini. Taa ya mafuta ya injini iliwaka. Taa ya breki iliwaka. Pale palipochorwa betri hapakuwaka kitu. Alitoa bisibisi, akaifungua dashibodi, na nyuma ya kioo akakuta kipande cha selotepu nyeusi kimebandikwa juu ya picha ya betri, kimekatwa kwa mkasi, nadhifu.

"Nani alikuuzia hii gari?"

Sheryl alikitazama kipande kile kwenye ncha ya bisibisi. "Mungu wangu," alisema. "Alinipa hata soda."

Jioni ile Seline aliifungua alteneta kwenye meza yake, akavipanga vipande juu ya gazeti. Brashi nzima. Diodi nzima. Kilichobaki ni regyuleta, kidude cha ukubwa wa kiberiti kinachokaa mgongoni mwa alteneta na kuamua umeme utoke kiasi gani. Ilikuwa ya Japani, ya asili, isiyo na kutu wala ufa. Vitu kama hivyo havifi hivi hivi.

Dalmas alisimama mlangoni. "Sasa mchawi ni nani?"

"Sijui bado."

"Kuna yule wa selotepu. Kuna maji ya ziwa. Nyar Port, una bahati, una wachawi wawili na hujamaliza kutafuta."

Ilikuwa kweli. Wawili walikuwa tayari, hawakuwepo kujitetea, na wote wawili walikuwa na makosa yao. Aliizungusha regyuleta vidoleni. Alifika nyumbani akala amesimama, na mumewe Masinde alipomuuliza kuna nini, alisema hakuna, akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimekwisha kuoshwa.

Alhamisi saa mbili asubuhi alikuwa nyumbani kwa Gurbachan, Milimani. Mzee ana miaka themanini na mmoja. Alifunga karakana zamani, lakini kwenye veranda ya nyuma ana meza moja, mashine ya kutoa umeme wa volti atakazo, na jiko la makaa. Seline alikuwa amebeba regyuleta tatu: ile ya Probox, moja mpya aliyoinunua dukani, na moja kuukuu aliyoichomoa kwenye alteneta ya gari lililogongwa.

"Nyathina," mzee alimsalimu kwa Kijaluo anachokisema tangu utoto, mwanangu. "Hukuja kuniona. Umekuja kuniletea kazi."

"Vyote viwili, Mzee."

"Usidanganye mzee asubuhi. Harleen! Lete sufuria ya mchanga."

Harleen, mke wa mwanawe, alitokeza kichwa mlangoni. "Daddyji, ile ya mchanga uliitoboa. Hii iliyobaki napikia ugali."

"Ugali na mchanga, ladha moja tu."

Aliileta huku akimwomba Seline asimwachie mzee aipeleke kwenye moto mkali. Kipimo cha Gurbachan hakimo katika kitabu chochote. Anafunga regyuleta kwa waya kwenye mashine yake, anaunganisha balbu ndogo mahali ambapo alteneta ingekuwa, kisha anaizika regyuleta ndani ya mchanga mkavu juu ya jiko. Mchanga unapata moto taratibu kama injini inavyopata moto. Regyuleta nzima huiacha balbu ikiwaka. Iliyougua huizima.

Waliizika ile ya Probox. Balbu iliwaka. Mzee akaukoroga mchanga kwa mwiko, pole pole, kama mtu anayekaanga njugu. Seline alikuwa ameshaizunguka meza mara nne.

Dakika ya kumi na nane balbu ilififia, ikazima.

"Hii imepigwa," mzee alisema. "Haikuzeeka. Imepigwa na umeme wake wenyewe. Nani alitoa tamino?"

Seline alikuwa anaitazama balbu. "Fundi mmoja wa Nyamasaria."

"Alisomea wapi huyo fundi?"

"Hapa Kisumu."

"Kisumu kubwa."

"Kwako, Mzee."

Gurbachan aliendelea kuukoroga mchanga ambao haukuhitaji tena kukorogwa. Hakuinua macho. Katika mtihani ule wa mwaka 2013 kulikuwa na swali lililotaka mambo matatu ambayo fundi hapaswi kuyafanya injini ikiwa inanguruma, na Seline aliandika kutoa tamino kuwa la kwanza, akaongeza na sababu: betri ndiyo inayomeza umeme unaozidi; ukiitoa ghafla, umeme huo unarukia kila kilichobaki. Mzee ndiye aliyemfundisha jibu.

"Walikuwa wanatazama?" aliuliza.

"Saba."

"Mimi walikuwa wawili tu. Mwaka themanini na nane. Basi la mtu wa Siaya. Nilijua haifai, lakini enzi za dainamo, kabla ya alteneta, tulikuwa tunafanya, na yule bwana alitaka kuona." Alilitoa jiko chini ya sufuria kwa koleo. "Lilirudi mara mbili. Nilimwambia ni alteneta mbovu, akanunua nyingine. Ikafa na yenyewe, maana kuna kitu kingine nilichokuwa nimekichoma."

"Ulimwambia?"

"Hapana." Alipangusa mikono. "Namba ya basi lile naikumbuka mpaka leo. Namba ya simu ya mwanangu siikumbuki. Lete hiyo nyingine."

Ile mpya ya dukani ilizima balbu dakika ya sita. Harleen, aliyekuwa amebaki mlangoni kulinda sufuria yake, alicheka. Ile kuukuu ya gari lililogongwa iliiacha balbu ikiwaka. Iliwaka nusu saa, iliwaka saa nzima, mchanga ukawa hauguswi, na balbu haikutikisika. Mzee alitaka kuizima mashine. Seline akamwomba dakika kumi zaidi, kisha kumi nyingine.

Saa nane mchana ilikuwa imefungwa ndani ya Probox. Aliliendesha gari peke yake hadi Katito na kurudi, taa, feni na waipa vikiwaka, mita imeegeshwa kwenye dashibodi. Safari ya saa moja na nusu. Kumi na nne nukta moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Mara mbili alisimama akidhani macho yamemdanganya.

Sheryl alikuja saa kumi kuchukua gari. Baba yake alikuwa hewani, simu imewekwa sauti ya juu, kwa sababu mzee alikuwa amekataa kungoja kupewa habari. Dalmas alikuwepo, na wengine watano.

"Imepona?" Sheryl aliuliza.

"Nimeweka regyuleta nyingine. Nimeipima kwa moto. Nimeiendesha Katito. Angalia mita."

Sheryl aliiangalia mita, na uso wake haukubadilika. Alikuwa ameisoma mita ile jana ikiwa kumi na nne nukta mbili. "Hata jana ilisema hivyo," alisema. "Toa tamino nione."

"Toa tamino," Dalmas aliitikia.

Simu nayo ikakohoa. "Fundi," ilisema sauti ya Mzee Oyugi, ya kuchoka lakini ya mtu aliyezoea kutoa maagizo, "sisi kule kilimo, Land Rover zetu zilipimwa hivyo. Toa hiyo tamino, mwanangu aone, tulale kwa amani."

Wote walikuwa wanamtazama. Injini ilikuwa inanguruma. Kibanio kilikuwa hapo, spana namba kumi mfukoni mwake.

"Sitoi," Seline alisema.

"Unaficha nini?"

"Niliitoa wiki tatu zilizopita. Wewe uliona. Hawa wote waliona. Waya wa athi ulikuwa umeoza na nikautengeneza, gari likapona. Kisha nikatoa tamino ili mnipigie makofi, na nikaichoma regyuleta. Taa za mbele zilitoa mwanga mkali, nikaona, nikanyamaza. Ni mimi niliyeliua gari lako."

Dalmas alifungua mdomo. "Lakini yule mtu wa selotepu..."

"Yule alificha taa. Mimi nilivunja."

Lori lilipita, na kwa muda hakuna aliyesikia kitu. Simu ikauliza, "Amesema nini? Sheryl? Fundi amesema nini?"

Sheryl hakuondoa macho kwa Seline. "Anasema ni yeye aliyeiharibu, Baba. Kwa kutoa tamino."

"Ile mara ya kwanza, ya waya?"

"Mara ya kwanza."

Sheryl aliuma midomo. Alipozungumza, sauti ilikuwa chini, na ilikuwa mbaya zaidi kuliko kelele. "Nilikaa saa tatu nzima darajani nikimpepea kwa gazeti. Nilidhani anakufa. Wewe ulikuwa unajua?"

"Sikutaka kujua."

"Na nitajuaje kwamba hii nyingine haitazima kesho?"

Seline alitafuta jibu ambalo lingekuwa kweli. "Imetoka kwenye gari lililogongwa. Nimeipika saa nzima na zaidi. Zaidi ya hapo siwezi kuahidi."

"Sheryl," simu ilisema.

"Ndiyo, Baba."

"Kule nyuma kwenye godoro mimi sijazi gari, nafasi ipo. Mwambie aje na hicho kipimo chake."

"Kesho?"

"Kesho. Akae karibu na mimi asome namba. Ikishuka, ni kazi yake. Isiposhuka, tutapiga hadithi."

Sheryl alimtazama Seline, akangoja. Dalmas aliinama akaichukua ile regyuleta iliyoungua juu ya meza, akaigeuza, akairudisha.

"Saa kumi na moja alfajiri tunaondoka," Sheryl alisema. "Kwetu hakuna gari la kukuleta saa hiyo. Itabidi ulale kwetu."

"Nitalala."

"Na njiani una kitu cha kukalia? Godoro ni la Mzee."

Seline aliipakia mita, waya za jampa, betri moja iliyojaa na sanduku la spana. Akampigia Masinde. Kisha akaingia kibandani, akakichukua kile kiti cha bluu, akakikata miguu yake minne kwa msumeno ili kipite chini ya paa la Probox, akakiweka nyuma ya kiti cha dereva.

Kesho, Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri, gari litaondoka Pap Onditi. Seline atakaa kwenye kiti hicho hadi Kisumu na kusoma volti kwa sauti kila baada ya dakika moja.